Mkono Uliomimina

Bujumbura, katikati ya kiangazi

Mama yangu mpendwa,

Kuna sauti moja ambayo haijanitoka masikioni kwa wiki tatu. Si ile unayoiogopa. Milio ya bunduki kule milimani tunaisikia sote, na mtu huizoea kama anavyozoea mbwa wa jirani. Hii ni sauti ndogo: mguu wa glasi ukirudishwa juu ya sinia ya bati. Ti. Basi. Glasi ilikuwa imejaa na hakuna mdomo ulioigusa. Nikiwa dukani, nikiwa naoga, nikiwa kanisani nasubiri zamu ya sauti yetu kuingia, naisikia.

Lakini sijakusalimu. Nakuona umesimama mlangoni, bahasha mkononi, unatafuta miwani. Iko juu ya kichwa chako, Mama. Habari za mguu? Bado unavimba jioni? Na dawa ya zahanati, uliimaliza au uliigawa tena kwa wenye shida kuliko wewe? Mimi ni mzima. Huku mvua ilikatika zamani, majani ya miembe yamekuwa na rangi ya vumbi, na milima ya kwetu ng'ambo ya ziwa haionekani tena kwa ukungu wa kiangazi. Siku nisizoiona najihisi nimekwenda mbali zaidi, ingawa sijasogea hata hatua moja.

Kitenge ulichompa yule mama muuza chumvi kimefika salama, hakikulowa. Asante sana. Ile bluu yenye majani ya njano ni ileile ya kwaya yenu ya Kalemie, nikaijua kabla sijaikunjua. Uliniandikia nikipeleke kwa fundi mapema, kishonwe kama chako, chenye kola nyeupe, ili siku ya sikukuu ya kwaya nisimame nikiwa nimevaa kama ninyi. Nilikiweka chini ya mto kwa usiku mbili kabla ya kukitia sandukuni.

Sasa kaa, Mama. Nina neno, na nataka ulisikie kwangu, kwa mpangilio wake, kabla hujaletewa na wanaovuka ziwa. Nilipokuwa na miaka kumi na miwili niliandika jina langu kwenye daftari la ahadi la kanisa, wewe ukiwa umesimama nyuma yangu na mkono wako begani kwangu, kwamba kileo hakitapita mdomoni mwangu. Nimekunywa. Nilikunywa glasi nzima ya divai nyeupe, mchana, mbele ya watu.

Mama Spès unamfahamu kwa barua zangu: mjane anayeniajiri katika duka lake la vinywaji na makopo huku mtaa wa Asiatique, na aliyenipa chumba nyuma ya nyumba yake kule mtaa wa Jabe. Mwezi wa tano alinunua katoni kumi na mbili za divai nyeupe zilizopandishwa ziwani kwa meli kutoka bandari ya Mpulungu. Ilikuwa rahisi, chupa moja kwa bei ya bia mbili kubwa, naye alidhani kwa joto hili itakwisha kwa wiki moja. Haikununuliwa. Madereva wanaotumwa na matajiri wa Kiriri wanataka nyekundu yenye jina kubwa. Watu wetu wa kawaida wanataka tamu. Mtumishi mmoja wa serikali aliishika chupa, akaigeuza, akanirudishia.

"Nyeupe ni ya padri, mademoiselle. Mi si padri."

Basi Mama Spès akaniambia, "Faida, we umesoma. Andika kitu watu wapate hamu." Nikachukua karatasi ya maelezo iliyokuja ndani ya katoni, nikaandika vikadi kwa Kifaransa na Kiswahili, kwa mwandiko wangu mzuri wa shule: kavu, changamfu, yenye harufu ya matunda. Nilivibandika kwenye rafu. Yule mtumishi wa serikali aliporudi akavisoma vyote.

"Wewe umeionja?"

"Hapana."

"Sasa unajuaje?"

"Nimesoma."

Alicheka mpaka akakohoa. "Amesoma!" akawaambia waliokuwa nyuma yake. "Huyu anakunywa kwa macho!" Tangu siku hiyo akipita anauliza, "Mademoiselle, leo umesoma chupa ngapi?" Nilicheka naye, lakini neno lake lilinichoma. Nilikuwa nikiuza ladha nisiyoijua, na nilikuwa nimeandika kana kwamba naijua.

Sasa nikueleze habari za Mzee Barnabé, maana bila yeye nisingekuwa na la kukuandikia. Alikuwa fundi wa nguo. Kwa miaka mingi alishona kwenye baraza ya duka la Mama Spès, na jioni yeye na mume wa Mama Spès walikunywa bia ya ndizi kutoka mtungi mmoja, kila mtu na mrija wake. Halafu vita vikaja, mitaa ikagawanyika. Unajua jinsi ilivyokuwa, sitaandika nani alikuwa wa upande gani. Wao wawili hawakuwa wa upande mmoja. Mzee Barnabé alikimbia na familia yake, akaiacha cherehani yake kwa Mama Spès. Alipokuwa huko alikokimbilia, mdogo wake aliyebaki hapa alialikwa kunywa katika nyumba ya watu aliowaamini, na asubuhi hakuamka. Hakuna aliyejua ukweli wake. Lakini Mzee Barnabé anajua anachoamini.

Mwaka huu amerudi, anakaa kwa mpwa wake mtaa mwingine. Mama Spès alimtumia salamu mara tatu kwamba cherehani ipo, aje aichukue, au bora zaidi aje aiweke mahali pake pa zamani barazani. Mara ya tatu akajibu: Jumapili nitapita.

Hujaona mwanamke mwenye hofu namna ile, Mama. Huyu ambaye huwafokea wapakuzi wa bandarini mpaka wanainamisha vichwa! Jumamosi nzima alikuwa akiipaka cherehani mafuta, ambayo naona ameipaka mafuta kila mwezi kwa miaka yote hiyo. Aliniambia, "Akikunywa kwangu, amerudi. Asipokunywa, hata akibeba cherehani yake na kusema asante, nimemupoteza." Akasema tutampa ile divai. Nilidhani ni kwa sababu ya joto, na kwa sababu tunazo chupa nyingi. Hakunieleza sababu, nami sikuuliza.

Jumapili baada ya ibada nilipika nyumbani samaki wa hapa, mukeke, ambaye ni mikebuka wetu, kwa nyanya na ndimu. Divai niliitia kwenye ndoo ya barafu tangu asubuhi. Na hapa ndipo nilipofanya kosa ambalo mtoto wa mlevi yeyote asingelifanya. Sijawahi kufungua chupa ya divai. Niliona aibu kuhangaika na kizibuo mbele ya mgeni, kwa hiyo niliifungulia jikoni. Kizibo kilinisumbua, nikaishika chupa katikati ya magoti, kikatoka nusu, nusu nyingine nikaichimba kwa kisu. Nikafuta mdomo wa chupa vizuri, nikaizungushia kitambaa chenye maji, nikaibeba mpaka uani kama nilivyoona katika picha.

Mzee Barnabé alikuwa amekaa kwenye kiti cha plastiki, kofia juu ya goti. Ni mtu mwembamba, vidole vyake vya kulia vimepinda kidogo kwa kushika mkasi. Walikuwa wakizungumza habari za watoto, nani amekua, nani yuko shule gani, kwa sauti ile ya watu wanaotembea juu ya utelezi. Nilimmiminia yeye kwanza, kwa heshima, kwa sababu ni mgeni na ni mkubwa. Nilijaza. Divai ilikuwa na rangi ya majani makavu, na glasi ikatoa jasho papo hapo.

Aliinua glasi. Akaitazama chupa. Akanitazama mimi. Kisha akairudisha juu ya sinia.

Ti.

"Mi sina kiu," alisema.

Nilimtazama Mama Spès nisielewe. Uso wake ulikuwa umekauka. "Faida," alisema polepole, "chupa umeifungulia wapi?"

"Jikoni, Mama."

"We mutoto. Jikoni!"

Kwetu hatukunywa, Mama, na soda tu ndiyo niliyoona ikifunguliwa mbele ya wageni. Nilidhani ni ili gesi isitoke. Sikujua kwamba mtu hapa haletewi kinywaji kilichokwisha kufunguliwa. Sikujua kwamba anayemimina huonja yeye kwanza ndipo mgeni apewe. Na ndipo nikafahamu kwa nini aliichagua ile divai: kizibo cha bia, wanasema, mtu anaweza kukiinua na kukirudisha, lakini chupa hii ilifungwa mbali, na hakuna mkono wa hapa ulioweza kuingia ndani yake. Isipokuwa wangu.

Mama Spès alinyoosha mkono kuichukua glasi. "Lete, mi nionje."

Mzee Barnabé akaifunika kwa kiganja. Hakuwa na hasira. "Apana, Spès. Mukono iliyomimina ndio inaonja. Unajua vile."

"Lakini huyu ni mulokole! Hanywi, Mzee. Ameapa kanisani. Uliza mutaa wote."

"Ee," alisema. "Hanywi. Hata pale kwa mudogo wangu, yule aliyemimina, walisema hanywi."

Samaki alikuwa akipoa. Mama Spès aliweka mikono yake mapajani, viganja juu, akaviangalia kama vya mtu mwingine. Mzee Barnabé akachukua kofia yake gotini, akaanza kuinyoosha kwa vidole, akijiandaa kusimama.

Nataka uujue ukweli wa dakika ile. Sikusali. Sikupima neno lolote la Maandiko. Niliona daftari la ahadi, wino wa zambarau, na mkono wako begani kwangu, vilevile kama vilivyokuwa. Kisha nikaona kwamba akisimama atakwenda akiamini maisha yake yote kwamba katika nyumba hii palikuwa na sumu, na kwamba mimi ndiye niliyeimimina. Nikasema, "Mzee, niwie radhi, sijui kunywa." Nikaitoa glasi chini ya kiganja chake, nikainywa yote.

Ilikuwa baridi sana. Mwanzo ni kali, inakata, kama kung'ata ndimu changa wakati meno bado hayajajiandaa. Kisha ule ukali ukafunguka, kukawa na kitu kisafi, kama harufu ya jiwe la mtoni lililolowa, na kama tunda la marakuja ambalo halijaiva. Tamu hakuna kabisa. Ilipopita kooni mdomo wangu wote ulikuwa macho. Na mara nikataka kula samaki.

"Kaa," alisema Mzee Barnabé.

Nikakaa. Wote wawili wakanitazama. Naye hakuwa na haraka.

"Unasikia nini?"

"Joto, Mzee. Kwenye masikio."

"Masikio gani?"

"Yote mawili."

Akanitazama tena. "Tumbo?"

"Tumbo lina njaa."

Nilikuwa nasema kweli, sikutania, lakini Mama Spès akatoa sauti ya ajabu puani, na nikaona mabega ya Mzee Barnabé yanatikisika. "Sumu haianzie masikio," alisema. "Hiyo ni pombe, mutoto. Pombe ya mara ya kwanza. Mimina sasa. Mimina, na uonje kidogo tena, kidogo tu, usianguke."

Nikamimina. Nikagusa kwa mdomo. Nikampa kwa mikono miwili. Akanywa funda moja, akakunja uso wote mpaka macho yakapotea.

"Spès! Hii ni siki! Watu wa Kiriri ndio wanalipia hii?"

"Hawailipie," alisema Mama Spès. "Ndiyo sababu we unapewa bure."

Wakacheka. Kisha yule mama akalia, akicheka vilevile, akijifuta kwa pindo la kitenge, na mzee akamwachia alie, akala samaki, akanywa. Kabla ya kuondoka aliomba aione cherehani. Alikaa mbele yake, akakanyaga bila uzi, akasikiliza. Alisema tu, "Imetunzwa." Hakuibeba. Siku iliyofuata, saa mbili asubuhi, alikuwa kwenye baraza ya duka anapangusa meza yake ya zamani, na amekuwa hapo kila siku tangu hapo.

Sasa nifike kwenye sehemu ngumu. Ningeweza kuishia hapo, nawe ungesema, binti yangu alikunywa kwa ajili ya kuokoa nyumba ya mtu, Mungu anajua. Ni kweli, lakini si kweli yote. Mama, niliipenda. Jinsi ilivyokuwa kavu na wazi, bila kujificha nyuma ya sukari, nilipenda. Sijanywa tena. Sijui kama sitakunywa tena. Nilichofanya ni kuving'oa vikadi vyangu vya rafuni na kuandika vingine, kwa Kiswahili peke yake: Si tamu. Inakata kama ndimu. Inywewe baridi sana, na samaki. Ifunguliwe mezani. Yule mtumishi wa serikali alisoma, akanitazama muda mrefu. "Hii hukusoma," alisema, akanunua mbili.

Nilikwenda mwenyewe kwa mchungaji wetu, kabla hajaambiwa. Ni mtu mpole, mtu wa Fizi, unajua lugha yake ya taratibu. Alisikiliza mpaka mwisho. Akasema, "Dada Faida, simama mbele ya kanisa useme unajuta. Utakaa benchi la nyuma Jumapili sita. Kisha utarudi kwenye kwaya, na jambo hili limekwisha."

"Najuta kuvunja neno nililompa mama yangu," nikamwambia.

"Hiyo ni nusu. Useme unajuta kunywa."

Nikaomba wiki moja. Nilizunguka na lile neno wiki nzima, nikipima mizigo, nikijibu wateja, nikifua. Ni neno dogo. Wengi wamelisema wakiwa hawalimaanishi, wakarudi kuimba, na nyimbo zao ni nzuri. Lakini kila nilipolijaribu mdomoni nilisikia ile sauti ya sinia. Nikisema najuta, nasema glasi ile ingebaki imejaa. Nasema Mzee Barnabé angevaa kofia yake na kutoka. Siwezi kusimama mbele ya Mungu na kumwambia hivyo, na kwaya ikiwa nyuma yangu.

Najua itakavyokuwa kwako. Wewe ni kiongozi wa akina mama, nawe ulimwambia kila mtu kwamba sauti yangu ni yako. Ukiona ni lazima usome barua hii mbele yao, isome. Ukiona ni bora kuichoma, ichome, lakini usiniandikie kana kwamba haikufika. Hilo tu ndilo ninalokuomba.

Msalimie dada yangu mkubwa, yaya Furaha, na mtoto wake mchanga, ambaye mpaka leo sijaambiwa amefanana na nani. Msalimie kaka yangu anayefanya kazi relini, umwambie Mama Spès anauliza kama kweli ana umri wa kuoa. Baba mdogo, mwalimu wa Jumapili, atakasirika. Msalimie hata hivyo, na umwache akasirike mpaka mwisho. Na yule bibi jirani anayekuletea majani ya mihogo, mwambie bado naota kuhusu sombe yake.

Jumapili iliyopita niliingia kanisani nikakaa benchi la nyuma, bila kutumwa, bila kusema lile neno. Sijui nitakaa hapo Jumapili ngapi. Ukiwa nyuma unausikia wimbo wote, si sauti yako tu. Jumatatu nilikitoa kitenge chako sandukuni, nikakipeleka barazani kwa Mzee Barnabé. Alikipima kwenye mabega yangu, akauliza kola ya kwaya aikate upana gani. Nikamwambia asiweke kola, anishonee gauni la kawaida, la kuvaa kila siku. Aliniuliza mara mbili kama nina hakika, kwa sababu kitambaa kikishakatwa hakirudi. Nikamwambia akate. Amekata, Mama. Nimelivaa ninapoandika.

Mwanao akupendaye,
Faida